Mkubwa wa Miti wa Baraka

Casimir alipewa ukubwa kwa sababu ya kukohoa.

Siku hiyo alikuwa amesimama kwenye baraza ya ofisi ya cité, yaani ofisi ya mji, amekunja mkononi suruali ya Kapteni Albert aliyoipunguza kiunoni, akingoja kuitwa. Vita ilikuwa katika mwaka wake wa pili. Waasi ndio walioshika Baraka, na wapiganaji wengine, wale wa milimani, ndio walioshika njia za kutokea Baraka, kwa hiyo mtu wa mji alilazimika kuwa na adabu mara mbili. Kapteni, mkubwa wa waasi mjini, alikuwa ameketi nje chini ya mjohoro mkubwa, akisikiliza redio. Akainuka kwenda kujisaidia nyuma ya ukuta. Hata mkanda hajaufungua vizuri, tawi nene kama paja la ng'ombe likakatika kule juu, likashuka na kukigeuza kile kiti kuni.

Kapteni alirudi mbio. Akakitazama kiti, akautazama mti, kisha akawageukia watu wa ofisi.

"Nani anaangalia miti ya hii muji?"

Chef wa cité, mkuu wa mji, akamtazama katibu wake. Katibu akautazama ukuta. Ukweli ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kuiangalia miti ile tangu Wabelgiji waipande, mistari miwili kutoka bandarini hadi ofisini. Ilikuwa imezeeka mpaka mchwa walikuwa na mitaa yao ndani yake. Vumbi la lile tawi likasogea polepole hadi barazani, likamwingia Casimir kooni, naye akakohoa.

"We unakohoa," Kapteni akasema. "Njo we unaiangalia?"

"Mi njo Casimir, Afande. Fundi wa nguo. Nimeleta suruali."

"Nimeuliza miti. Sikuuliza suruali."

Casimir akaona watu wote wanamtazama, akahisi lazima aseme neno. "Miti iko inazeeka, Afande."

"Munasikia? Huyu anajua," Kapteni akamwambia chef wa cité. "Kuanzia leo njo mukubwa wa miti."

Akamweleza kazi yake hapo hapo. Baada ya majuma mawili mjumbe mkubwa angekuja kutoka makao yao makuu kuutembelea mji. Ifikapo siku hiyo miti yote mibovu iwe imekatwa, na mipya iwe imesimama mahali pake, miti ya heshima, si vijiti. La sivyo Casimir angelala kwenye kontena. Kila mtu wa Baraka aliijua ile kontena ya chuma pale bandarini, iliyotumika kama jela na kuiva jua tangu asubuhi. Waliotoka humo walikuwa wamepungua kama ndagala, dagaa wa ziwani, waliosahauliwa mchangani.

Casimir alirudi nyumbani na ile suruali mkononi. Kwa mshangao alikuwa amesahau kumpa mwenyewe.

*

Mkewe, Marthe, alikuwa uani anaanika ndagala. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Ukubwa wa nini umesema?"

"Wa miti, Mama Nadège."

Hapo Marthe akainua kichwa, lakini hakumtazama mumewe. Alitazama juu. Nyumba yao ilikuwa kando ya barabara ile ile, na mjohoro wa mbele ya nyumba yao ndio ulikuwa mbaya kuliko yote. Ulikuwa umeinama juu ya jiko la uani kama mtu anayechungulia chungu cha jirani. Tangu binti yao Nadège azaliwe, Marthe alikuwa akimwomba mumewe autafutie dawa mti ule. Tangu Nadège azaliwe, Casimir alikuwa akisema kesho. Sasa Nadège alikuwa darasa la tano.

"Basi, mukubwa," Marthe akasema, "anza na hii."

"Haiwezekane kuanza na ya kwangu. Batu batasema nini? Kwanza kuko uchunguzi."

"Uchunguzi gani na weye haujue hata jina la muti?"

"Jina si kitu," alisema Casimir. Na kwa kweli mpaka jioni alikuwa ameshaanza kuamini kwamba anajua.

Kesho yake alitoka amevaa koti la harusi yake. Mkononi alikuwa na kopo la chokaa aliloomba parokiani, na shingoni futi yake ya kupimia nguo, kwa sababu hakuwa na chombo kingine cha kupimia. Aliufikia mti wa kwanza, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio, akatikisa kichwa kama daktari. Kisha akauzungushia futi.

"Kiuno kimepungua," akasema.

Watu walianza kumfuata. Kwenye mti wa tatu walikuwa umati. Kila mti uliosikika mtupu aliuchora msalaba wa chokaa, na kila uliosikika mzima aliuacha. Uliomtia shaka aliupima mara ya pili, chini ya kwapa la tawi, kama anayemshonea shati.

Mbele ya nyumba ya Nuhu, mwenye duka la chumvi na sabuni, mambo yalikwama. Mkewe, Siti, alikuwa akiuza mandazi chini ya mjohoro wake toka vita haijaanza. Casimir alipougonga, mti ulilia bum kama ngoma. Akachovya brashi kwenye chokaa.

"Baba Nadège," Siti akasema bila kuacha kugeuza mandazi, "ukiweka alama ku huo muti, utanionyesha fasi nitauzia mandazi."

"Mama Siti, umeoza ndani."

"Na weye uko na meno mbili imeoza ndani. Tulikukata kichwa?"

Umati ukacheka. Casimir akafunga mdomo mara moja, akakumbuka kwamba mkubwa hapaswi kufunga mdomo, akaufungua tena.

"Ni amri," akasema.

"Amri haileti kivuli," alisema Siti. Nuhu, aliyekuwa mlangoni, akaongeza kwa upole kwamba angefurahi mti huo ukatwe, maana unamwaga majani juu ya bati lake na kuziba mfereji. Siti akamgeukia. Nuhu akarudi ndani ya duka kupanga sabuni iliyokuwa imeshapangwa. Casimir alichora msalaba mdogo sana, upande wa nyuma, ambao mtu angeuona tu kama angetambaa.

*

Msalaba mdogo haukusaidia, na mkubwa pia haukusaidia. Askari walipokuja na mashoka na msumeno mmoja mrefu wa watu wawili, walikata kila mti waliokutana nao. Mkaa ulikuwa na wateja ng'ambo ya ziwa, na mtumbwi wenye mota ulikuwa umeshawekwa tayari. Casimir alikimbia huku na huku na futi yake shingoni.

"Afande, huu hauna alama. Huu iko na afya."

"Iko na afya?" askari akajibu. "Basi itatoa mukaa muzuri."

Mandazi ya Siti yalihamia juani, na Siti akahamia juani pamoja nayo, na kila Casimir alipopita alimfuata kwa macho mpaka kona. Barabara ikabaki nyeupe na ndefu ajabu. Watu walikuwa wakitoka milangoni mwao, wanasimama, wanasahau walichotokea. Mzee mmoja wa Kiprotestanti alisema hajawahi kujua kwamba bandari iko karibu hivyo.

Mti mmoja tu ulibaki, ule wa kwa Casimir. Askari walifika, wakauzunguka, wakaona ulivyoinama.

"Huu tukikata unaangukia nyumba," akasema mwenye msumeno. "Ukiangukia nyumba mutasema jeshi imevunja nyumba. Tunaiacha."

Marthe alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Muji muzima," akamwambia mumewe. "Muji muzima wamekata, hata ile haikuomba. Inabaki yetu."

Casimir alijaribu kusema kwamba hiyo ni heshima. Usiku ule hakupewa kitoweo.

*

Kazi ya pili ilikuwa kupanda, na hapo ndipo ukubwa ulipoanza kuuma. Miche haikuwepo. Kitalu cha zamani cha serikali kilikuwa kimegeuka shamba la mihogo mwanzoni mwa vita. Kapteni alitangaza kwa kipaza sauti kwamba kila nyumba ilete mti wake, na asubuhi iliyofuata nyumba zikatii kila moja ilivyoelewa. Ilikuja mipapai, kwa sababu papai linaliwa. Ilikuja migomba. Ulikuja mlimau ndani ya sufuria, na mwenyewe akasisitiza sufuria irudishwe. Bibi Sumaya, mama mkwe wa Siti, alileta fungu la vijiti vya mihogo na kuvichomeka mbele ya mlango wake, vizuri, kwa mstari.

"Nyanya, tumesema miti," Casimir akamwambia.

"Na hii ni nini? Ni miti ya mihogo."

Casimir alifikiri, akashindwa kupata kosa katika maneno yale. Lakini Kapteni alipopita alilipata. Alisema anataka miti iliyofika dirisha la ofisi kwa urefu, na siku ya mjumbe imeshafika mlangoni.

Kwa hiyo Casimir na Nuhu walishika njia ya Lweba, na mapanga na mkokoteni wa duka, wakatafute miti michanga porini. Nuhu alikwenda kwa sababu Siti alimwambia aende. Hawakufika mbali. Kwenye kona moja kulikuwa na kamba imefungwa barabarani, na nyuma ya kamba vijana wa milimani wamekaa juu ya gogo na bunduki magotini. Mkubwa wao, mwanamume mwembamba aliyevaa kofia ya sufu katika joto lile, aliwauliza wanatoka wapi na wanakwenda kufanya nini.

Casimir hakuwahi kujua kusema uongo akiwa na njaa. Akaeleza yote: tawi, kiti, kukohoa, ukubwa.

Yule mwanamume akasikiliza. "Kumbe unatumikia maadui."

"Natumikia miti," alisema Casimir.

Nuhu alianza kusoma dua chini kwa chini. Kisha yule mwenye kofia ya sufu akainuka, akamshika Casimir begani, akamsogeza mpaka kwenye msufi mmoja mkubwa uliokuwa ukitia kivuli kizuizi chao.

"Huu je? Usiku unalia. Batoto banasema ni pepo."

Casimir akaugonga. Akaweka sikio. Akauzungushia futi, na futi ikakataa kufika, akamwomba kijana mmoja amshikie ncha. Ndani ya mti kulikuwa na sauti ndogo ya kukwaruza isiyoisha.

"Si pepo," akasema. "Ni muchwa. Mi ningekuwa weye, ningekaa mbali."

Vijana waliokuwa juu ya gogo wakatazamana. Wakahamisha gogo. Wakahamisha kamba. Wakahamisha na sufuria yao ya maharage, na kizuizi kizima kikawa kimekaa juani, kwenye kona isiyofaa, mahali ambapo mpita njia angewaona wao kabla wao hawajamwona. Lakini wakashukuru. Wakawaruhusu wachukue wanachotaka, na mmoja akawasaidia kukata. Hapakuwa na muda wa kung'oa mizizi. Wakakata matawi makubwa na miti michanga usawa wa ardhi, wakajaza mkokoteni, wakarudi wakiwa wamefichwa na majani hata askari wa Baraka karibu wawapige risasi.

*

Siku ya mjumbe ilianza vizuri. Alfajiri kila nyumba ilichimba shimo na kusimika tawi lake, likamwagiwa maji, na barabara ikawa kijani tangu bandarini mpaka ofisini. Kapteni akapita, akatabasamu. Casimir alikuwa amevaa koti. Hata Marthe alikubali kwamba ukitazama kutoka mbali, macho umeyafinya, inapendeza.

Mjumbe alitegemewa asubuhi. Asubuhi ikapita. Jua likapanda, majani yakaanza kujikunja, kisha kulegea, kisha kuning'inia kama nguo kwenye kamba. Halafu ukaja upepo wa ziwa, ule wa mchana unaokuja kila siku na ambao hakuna mtu aliyeufikiria. Tawi la kwanza lilianguka mbele ya ofisi ya posta. Lililofuata likaanguka juu ya bata. Kapteni akatoa amri, na amri ikapokelewa mlango kwa mlango: mwenye nyumba asimame nyuma ya mti wake, aushike.

Hivyo ndivyo mjumbe alivyoikuta Baraka. Alikuwa mtu mnene, ametapika kwenye boti, amevaa suti nzito. Alitembea katikati ya barabara akipunga mkono, na kila upande kulikuwa na mstari wa miti, na nyuma ya kila mti, mtu. Wengine walionekana miguu tu. Nuhu alikuwa amekumbatia wake kama ndugu aliyerudi safari. Bibi Sumaya, aliyekuwa amekataa katakata kung'oa mihogo yake, alikaa kwenye kigoda nyuma ya vijiti vyake, haonekani kuficha chochote.

Mjumbe akasimama. "Kila muti iko na muntu nyuma. Ni kwa nini?"

Kapteni akamtazama Casimir. Jicho lake moja lilikuwa linacheza.

"Ni mulinzi, Ekselansi," alisema Casimir. "Ku hapa kila muti iko na mulinzi yake. Sababu ya mbuzi."

Mjumbe akafikiri. Akamwambia mtu wake aandike hilo, akasema hajaona nidhamu kama hii kokote. Kapteni akapumua. Hapo yote yangekwisha salama, lakini mjumbe alikuwa na jua kichwani na suti mwilini, na mbele kidogo aliona kivuli. Kivuli cha kweli, kipana, cheusi, uani kwa Casimir.

"Tutakaa pale," akasema. "Hotuba nitatolea pale."

Viti vikaanza kukimbizwa. Askari wakaingia uani, wakasogeza ndagala, wakapanga viti chini ya mjohoro ulioinama. Marthe akatoka jikoni, akasimama katikati ya viti.

"Hapana kukaa hapa," akasema.

"Mama, sogea," alisema Kapteni.

"Sisogei. Ule muti umeoza. Muulize mukubwa wa miti. Iko yule."

Wote wakamgeukia Casimir. Kapteni alimtazama kwa namna ambayo ndani yake kontena ilionekana wazi, mlango na kufuli lake. Marthe alimtazama tu. Alikuwa amemtazama hivyo kwa miaka mingi kila aliposema kesho, na siku zote Casimir alipata mahali pengine pa kupeleka macho. Leo kila alipoyapeleka kulikuwa na mtu ameshika mti.

"Ekselansi," akasema, "mi njo mukubwa wa miti. Hapa hakuna muntu atakaa. Huu muti utaanguka."

Mjumbe akautazama mti. Ukalia, kidogo tu. Mjumbe akarudi nyuma hatua kadhaa kwa wepesi ambao mwili wake haukuahidi, akatolea hotuba barabarani juani, maneno machache, akamshukuru kila mtu kwa jumla na kurudi kwenye boti. Mbuzi aliyechinjwa kwa ajili yake hakuguswa. Zulia lililotandikwa ofisini halikukanyagwa.

*

Kapteni alikuja kwa Casimir mwenyewe, kwa miguu.

"Umesema utaanguka. Lini?"

"Wakati wowote, Afande."

"Wakati wowote haiko siku. Nakupa mpaka Dimanche, siku ya misa. Kama haijaanguka, ulidanganya mukubwa na ukanipatisha haya, unaingia kontena. Na usianguke ku shoka. Uanguke yenyewe. Nitaweka mulinzi."

Mlinzi alikuwa askari mmoja mvivu aitwaye Willy, aliyechagua kukaa ng'ambo ya barabara, mbali na mti, akiegemea ukuta wa Nuhu na kula mandazi ya Siti.

Ndipo nyumba ile, iliyokuwa imeomba miaka yote mti usianguke, ikaanza kuomba uanguke. Marthe alihamisha vitu vyote jikoni, akabakiza mafiga matatu na sufuria moja ya kupikia. Akahamishia kitanda upande wa pili wa nyumba. Casimir alikaa uani kutwa akiutazama mti, na mti ukawa umetulia kama haujawahi kulia maishani. Upepo wa ziwa ulikuja ukauacha. Ndege hawakusogea kwenye matawi yake. Casimir aliugonga, ukajibu kwa sauti nzito ya afya, au yeye ndiye alisikia hivyo.

"Njo unaninyanyasa," akauambia.

Jirani wa kwanza kuja alikuwa Siti. Marthe alidhani amekuja kucheka. Siti alikuwa amebeba beseni la maji ya kufulia.

"Ardhi iko kavu sana," akasema kwa sauti, kumwelekea Willy. "Wanamwagia miti maji, si ni sheria ya mukubwa?" Akalimwaga beseni lote kwenye mizizi, upande wa juu, ardhi ipate kulegea.

Willy akameza andazi. "Mi nimeambiwa shoka," akasema. "Maji hawakuniambia."

Baada ya hapo mtaa mzima ulifua. Wanawake ambao hawakuwa wamezungumza na Casimir tangu miti yao ikatwe walikuja na madumu, wakamwaga, wakamtukana kidogo, wakaenda. Nuhu alileta kamba, akaifunga juu kwenye tawi linaloinama, wakaanika mablanketi yaliyolowa, mazito, yote upande mmoja. Willy alisema mablanketi pia hakuambiwa. Kwaya ya Waprotestanti ilikuja kufanya mazoezi hapo, na ngoma mbili, kwa kuwa mwalimu wao alisikia kwamba mtikiso unasaidia. Waliimba nyimbo zote za Krismasi ingawa ilikuwa mbali. Mbuzi wa watu waliletwa kujikuna. Mti ukanywa maji yote yale, na mwishoni mwa juma, mbele ya macho ya Casimir, ukatoa majani mapya.

*

Dimanche, watu walipotoka misa, Kapteni alikuja na askari wawili. Aliuzunguka mjohoro. Akaona majani mapya, akachuma moja, akampa Casimir.

"Mugonjwa wako iko anapona," akasema.

Casimir alikuwa amejiandaa, amefunga mkeka na shati moja. Marthe alikuwa ameinjika maharage jikoni ampelekee huko kontena, hayajaiva. Akamfunga kifungo cha juu cha koti, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu harusi.

"Ungenyamaza tu," akamwambia polepole. "Mujumbe angekaa pale chini, leo ungekuwa na amani."

"Ungeniangalia namna gani, Mama Nadège?"

Marthe alimsindikiza mpaka barabarani, na Nadège akashika mkono wa baba yake mpaka askari mmoja akamtoa kwa upole. Watu walisimama milangoni. Barabara ilikuwa na matawi makavu yaliyolala huku na huku, na mipapai michache, na mihogo ya Bibi Sumaya ambayo ilikuwa imeanza kuchipuka. Wakapita kwa Siti. Siti akamtia Casimir mandazi mfukoni, akamwambia ayale upande wa meno mazima.

Walikuwa wamekaribia bandari waliposikia. Haukuwa mlio mmoja. Kwanza ulikuwa kama mtu anapasua kitambaa kizito, kitambaa kisichoisha. Casimir, fundi nguo, aliusikia mpaka kwenye vidole. Kisha ardhi ikagonga. Kisha bati. Kisha kuku wote wa Baraka.

Casimir aligeuka akakimbia, na koti likampepea nyuma, na askari wakamkimbilia, lakini walikuwa wanacheka mno kumkamata. Alipofika uani, Marthe alikuwa amesimama mikono kichwani, Nadège amemshika kiunoni, wote wazima. Jiko halikuwepo. Mahali pa jiko kulikuwa na mjohoro, umelala na mizizi yake imeinuliwa juu kama miguu ya mbuzi aliyechinjwa.

"Imeanguka," alisema Casimir.

"Imeanguka," alisema Marthe. "Ku jiko yangu." Akaanza kulia, na katikati ya kulia akacheka, akashindwa kuachana na lolote kati ya hayo mawili, na mumewe akamshika mikono wakawa wanazunguka juu ya matofali yaliyovunjika. Majirani waliingia uani mmoja mmoja, wakawapa mkono wa hongera kama kwenye ubatizo. "Félicitations, mama," wakasema. "Félicitations, jiko imevunjika." Willy alitoka ng'ambo ya barabara kuja kuapa kwamba hakuona shoka.

Kapteni alifika wa mwisho. Alilitazama shimo la mizizi, akautazama mti, ndani yake mtupu kabisa, mchwa wakikimbia kwenye jua. Yeyote angeona kwamba hata mjumbe na viti vyake vyote wangeenea chini yake.

"Nilijua," Kapteni akasema. Kisha akawageukia askari. "Leteni musumeno. Hii ni mukaa ya mutumbwi muzima."

Marthe alifuta macho. Akatembea mpaka kwenye lile gogo, akakaa juu yake.

"Hii ni kuni yangu," akasema. "Imenivunjia jiko, itanipikia."

Kapteni akafungua mdomo. Kabla hajasema, Siti akaja akakaa kando ya Marthe, akapanga sinia lake la mandazi magotini. Nuhu akakaa. Bibi Sumaya akasaidiwa kupanda, akakaa. Kwaya ikakaa, sauti ya kwanza mpaka ya nne, na waliokuwa wamekatiwa miti wote wakakaa, hadi gogo likajaa kutoka mizizini mpaka kwenye matawi. Willy, ambaye hakuwa na la kufanya, akakaa pia. Walikuwa wamekaa tu, kama watu wanaosubiri boti.

Kapteni akaitazama saa yake, akasema ana kazi, akaondoka.

Siti ndiye aliyeona maganda. Kilele cha mti kilikuwa kimetapakaa barabarani, na kila tawi lilikuwa na maganda membamba, makavu, yamejaa mbegu. Akaanza kuyaokota kwenye pindo la kitenge chake, na wengine wakamfuata.

"Baba Nadège," akauliza, "hii tunapanda kina gani? Tunaloweka kwanza? Itakua kwa miaka mingapi?"

Casimir alizungusha futi shingoni mwake. Watu walikuwa wanangoja.

"Mi sijue," akasema.

"Hatimaye," alisema Siti, akaenda kupanda kwa kadiri alivyoona yeye.

Marthe alikuwa amepiga magoti kwenye matofali, anavuta kitu kwa mikono yote miwili. Ilikuwa sufuria ya maharage. Ubavu mmoja umebonyea, kifuniko kimekwama, lakini moto ulikuwa bado unawaka chini ya majani na maharage yalikuwa yameiva. Waliketi kwenye gogo wakala, wao watatu, na Willy aliyeomba kidogo. Ndani kulikuwa na vipande vya magome, na pengine mchwa mmoja au wawili. Kila aliyekutana nacho alikitema pembeni na kuendelea kula.